Mkono Uliogeuza Sin 30

Wenzangu wa idara ya hesabu wameniomba niandike kurasa chache kabla sijarudisha funguo za kabati, ati walimu wapya wajifunze kutokana na uzoefu wangu. Nilipouliza wanataka nini hasa, kijana mmoja akaniambia, "Madam, andika tu safari yako." Safari yangu ilikuwa ya dakika ishirini kwa mguu, kutoka nyumbani Buruburu hadi shuleni kando ya Jogoo Road, na nimeitembea kwa miaka thelathini na minne. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata hapa, maana hazikunifurahisha wakati huo na hazitanifurahisha sasa. Nitaandika juu ya digrii thelathini, arobaini na tano na sitini, ambazo zimenisumbua kuliko mwanafunzi yeyote, na nimefundisha wanafunzi wasumbufu.

Siku yangu ya kwanza niliingia kidato cha tatu nikiwa na vipande viwili vya chaki na kifutio kilichoshonwa kwa blanketi kuukuu. Nikajitambulisha, nikauliza sin 30 ni ngapi. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Sifuri nukta tano, sifuri, sifuri, sifuri." Zile sifuri tatu za mwisho walizitaja kwa heshima, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kitabu cha majedwali kilikuwa kimezichapisha na wao hawakuwa watu wa kudharau kitabu. Sin 60? "Sifuri nukta nane, sita, sita, sifuri." Nikafurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikaandika ubaoni swali linaloanza na maneno "bila kutumia majedwali wala kalkuleta." Mvulana mmoja wa mbele akaniuliza kwa adabu kama swali la namna hiyo linaruhusiwa.

Linaruhusiwa, na halikosi kuja. Kwa wale wa masomo mengine ambao karatasi hizi zitawafikia, naeleza mara moja tu. Ile 0.8660 imekatwa. Izidishe kwa yenyewe uone kama utapata robo tatu. Hutapata, utapungukiwa kidogo. Lakini mzizi wa tatu, gawa kwa mbili, ukiuzidisha kwa wenyewe unakupa robo tatu kamili bila baki. Hiyo ndiyo maana ya thamani kamili, na ndiyo sababu mtihani unawanyang'anya watoto kalkuleta kwenye swali hilo moja. Nimeyasema haya kila muhula tangu siku ile, na kila muhula kuna aliyenijibu kwamba tofauti ni ndogo sana, Madam, kwani iko shida gani. Walinibandika jina la Madam Mzizi. Walidhani sijui.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Onyango, mkuu wa idara wakati ule, mtu mrefu aliyevaa koti moja la kijivu Jumatatu hadi Ijumaa na ambaye hakuwahi kumaliza sentensi kama aliona umeshaelewa. Nilimpelekea malalamiko yangu ya sifuri nukta nane. Akafungua kabati, hili hili ambalo funguo zake narudisha, akatoa vipande viwili vya plaiwudi. Kimoja kilikuwa nusu ya pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande mbili, iliyokatwa katikati. Kingine kilikuwa nusu ya mraba wenye upande wa moja, uliokatwa kutoka kona hadi kona. "Zote zimo humu," akasema. Hakutaka watoto wakariri. Alitaka wachore pembetatu hizo mbili pembeni mwa karatasi kabla hawajasoma hata swali, kisha wasome urefu wa pande. Akisahihisha, aliangalia kwanza kama pembetatu zipo. Asipoziona, hata jibu likiwa sahihi, alimwita mwenyewe amweleze alilitoa wapi.

Mimi nikafanya hivyo hivyo. Na kila Januari, baada ya likizo, nikaingia darasani nikakuta pembetatu zimesahaulika kana kwamba hazijawahi kuwepo duniani. Watoto waliokumbuka maneno ya kila wimbo uliopigwa kwenye magari ya Jogoo Road hawakuweza kukumbuka kwamba nusu ya mbili ni moja. Kuna mwaka walitunga wimbo wao wa thamani hizo, kwa Sheng ya mtaani, wenye vina vizuri sana, wakauimba hadi kwenye foleni ya chakula. Thamani ya tan 30 ilikuwa na makosa, lakini walikataa kuirekebisha kwa sababu ingeharibu kina. Mnaoniona nina mvi mjue zilikotoka.

Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo Mwalimu Onyango alikuwa na njia ya dharura, ambayo aliiruhusu wiki ya mwisho tu kabla ya mtihani, na kwa wale tu waliokataa kuchora. Ilikuwa njia ya mkono. Unainua mkono wa kushoto, kiganja kikitazama mbele. Kidole kidogo ni digrii sifuri, cha pete ni thelathini, cha kati ni arobaini na tano, cha shahada ni sitini, na gumba ni tisini. Ukitaka thelathini, unakunja kidole cha pete. Vidole vilivyobaki kushoto kwake ni vya sin, vya kulia ni vya cos. Unahesabu, unatia mzizi, unagawa kwa mbili. Kushoto kimebaki kimoja, kwa hiyo sin 30 ni mzizi wa moja, gawa kwa mbili, yaani nusu. Kulia vimebaki vitatu, kwa hiyo cos 30 ni mzizi wa tatu, gawa kwa mbili. Tan unagawanya sin kwa cos. Haina maelezo, haina sababu, lakini inafanya kazi.

Akaniambia jambo moja zaidi. "Ukiwaonyesha mkono, wape mgongo." Yeye mwenyewe alisimama akitazama ubao, akainua mkono juu ya kichwa, na darasa zima nyuma yake likainua mikono. Hakusema kwa nini, na Mwalimu Onyango hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini mara mbili. Alipostaafu akaniachia funguo na plaiwudi, nami kwa zaidi ya miaka ishirini nikawapa mgongo kila wiki ya mwisho, nikiinua mkono wangu wa kushoto mbele ya ubao. Sikuwahi kutaja kwamba ni wa kushoto. Nilisema tu, "Mkono huu," na hakuna aliyewahi kukosea.

Kisha tukapata mwalimu mkuu mpya, mtu wa jiografia, ambaye alikuja na fomu ya kukagua masomo. Ilikuwa na visanduku. Naibu wake akaketi nyuma ya darasa langu na kalamu nyekundu, na mwishoni akaniletea nakala. Kwenye kisanduku cha mawasiliano alikuwa ameandika: Mwalimu huwapa wanafunzi mgongo. Aboreshe. Nikamwambia nina sababu. Akaniuliza ni sababu gani, nami nikagundua kwamba sababu yenyewe siijui, nilirithi tu. Kwa hiyo nikaboresha. Niliona si jambo la kugombana na mtu mwenye visanduku.

Mwaka uliofuata, muhula wa tatu, nikapewa kidato cha tatu, mkondo wa Magharibi, darasa la mwenzetu aliyekwenda likizo ya uzazi. Watoto hamsini na mmoja. Mmoja wao aliitwa Nafula. Aliishi mtaa wa Mathare na mama yake, aliyeuza mboga za sukuma wiki na vitunguu sokoni Muthurwa, na alikuja shuleni kwa mguu akafika kabla yangu. Hesabu zilimpa taabu, sitasema uongo, aljebra ilimtoa jasho. Lakini yule mwenzetu alikuwa amemfundisha kuchora zile pembetatu mbili, na Nafula alizichora kwa rula, ndogo, safi, pembeni mwa kila zoezi, hata zoezi ambalo halikuzihitaji.

Sasa, yule mwalimu mkuu alikuwa na sheria. Mtihani wa mwisho wa kidato cha tatu ulifanywa na shule tano kwa pamoja, na mtoto wetu aliyepata chini ya arobaini katika hesabu alirudia kidato. Alisema ni kwa faida ya mtoto. Ilikuwa kwa faida ya wastani wa shule, na kila mtu katika chumba cha walimu alijua. Mama Nafula naye alikuwa ameshatoa neno lake mapema: mtoto hatarudia. Akiambiwa arudie, ataondoka shule, atakwenda kwa shangazi yake Webuye, na mambo ya masomo yataishia hapo. Hakusema kwa hasira. Alikuwa na wadogo wawili nyuma ya Nafula waliongoja zamu yao. Kwa hiyo kila nilipomwona mtoto yule akipiga mstari kwa rula, nilijua ni nini kinamngoja upande wa pili wa arobaini.

Alhamisi ya wiki ya mwisho kabla ya mtihani nilikuwa nimechoka na nilikuwa nyuma ya ratiba. Nikawaambia walaze kalamu, nikawatazama macho kwa macho kama fomu inavyotaka, nikainua mkono. "Mkono huu. Fanyeni ninavyofanya." Arobaini na kitu wakainua. Nikawapa mfano wa arobaini na tano, kwa sababu ndio rahisi. Kunja cha kati. Vya kushoto ni vya sin, vya kulia ni vya cos. Viwili huku, viwili kule. Sin ni mzizi wa mbili, gawa kwa mbili, na cos vivyo hivyo. Wote wakapata. Nikaona nimefaulu. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Nafula akasimama. "Madam, ile ya thirty inakataa. Nikichora pembetatu, sin inakuja nusu. Nikitumia mkono inakuja ile ya mzizi wa tatu."

Nilimwambia amehesabu vibaya. Akasema amehesabu mara mbili. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo nimeketi kuandika kurasa zote hizi nikilizungukazunguka. Sikuutazama mkono wake. Ningeutazama ningeona. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Nafula, wewe umekuja kufundisha au kufundishwa? Keti. Kwenye mtihani utatumia mkono kama nilivyoonyesha, nisikuone na pembetatu zako." Darasa likacheka, akaketi, kengele ikalia.

Mtihani wenyewe sikuuona ukifanywa. Mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba karatasi yake ikifanywa, sheria nzuri sana, na siku ile iliniponza. Ningekuwa mlangoni ningeona watoto wakilaza kalamu ili wainue mkono wa kulia, na hata mimi ningejiuliza kuna nini.

Kusahihisha tulikusanyika kwenye ukumbi wa shule moja ya jirani, walimu wa shule zote tano. Kila mtu hupewa swali moja, na karatasi zinapita mbele yake kutoka meza hadi meza, zikiwa na namba tu bila majina. Mimi nilipewa la saba, alama nne: bila majedwali wala kalkuleta, zidisha sin 60 kwa tan 60, jumlisha cos 60. Ni swali zuri. Mizizi inakutana, inalana, na jibu linatoka mbili kamili.

Shule ya kwanza walipata walichopata, wengine mbili, wengine upuuzi wa kawaida. Kisha likaja fungu ambalo karatasi ya kwanza ilisema mbili mzizi wa tatu, gawa kwa tatu. Ya pili, mbili mzizi wa tatu, gawa kwa tatu. Ya kumi, hivyo hivyo. Kazi ilikuwa nzuri, hatua kwa hatua, hata mzizi wa chini walikuwa wameuondoa kwa ustadi ambao sijawahi kuuona katika maisha yangu. Walikuwa wamegeuza tu sin ikawa cos na cos ikawa sin, wote, kwa nidhamu. Nikamwambia mwenzangu wa kulia kwamba kuna mwalimu mahali fulani anastahili kunyang'anywa chaki. Nikasema zaidi ya hayo. Nilisema mtu wa namna hiyo angeuza hata mahindi ya kuchoma angeyachoma upande mmoja. Mwenzangu alicheka sana, nami nikaendelea kupiga sifuri.

Karatasi ya ishirini na kitu ilikuwa na mkono mdogo uliochorwa pembeni, vidole vitano, kimoja kimekunjwa. Nikaigeuza karatasi kichwa chini, nikairudisha. Gumba lilikuwa kushoto.

Nikainua mkono wangu wa kushoto pale mezani, nikaushusha. Nikainua wa kulia. Msimamizi wa usahihishaji akaniuliza kutoka mbele kama nina swali. Sikuwa na swali lolote. Nilikuwa nimeona darasa langu limekaa mbele yangu, mimi nimeinua mkono wa kushoto, na wao, kama mtu yeyote anayemwiga mwenzake aliyesimama uso kwa uso naye, wameinua ule ulioko upande uleule, yaani wa kulia. Kidole cha pete kikabaki cha pete, lakini kushoto kukawa kulia. Na mimi mjinga nimewapa mfano wa arobaini na tano, pembe pekee ambayo mkono wowote unatoa jibu lilelile. Baada ya zaidi ya miaka ishirini nikaelewa kwa nini Mwalimu Onyango alitoa mgongo. Angemaliza tu sentensi yake siku moja.

Waliopona katika darasa lile walikuwa watatu ambao Alhamisi hawakuja shule, na wawili ambao najua huwa hawanisikilizi.

Karibu na mwisho wa fungu ikaja karatasi yenye pembetatu mbili ndogo zilizochorwa kwa rula. Chini yake kazi yote, sahihi, na jibu: mbili. Kisha mstari mmoja ulionyooka juu ya kazi yote ile, umekatwa kwa rula. Chini ya mstari, kwa mwandiko uleule, mbili mzizi wa tatu, gawa kwa tatu. Mwongozo wa kusahihisha uko wazi: kilichokatwa na kuandikwa upya hakihesabiwi, kinahesabiwa kilichobaki. Nilikaa na karatasi ile hadi wa meza iliyofuata akaniuliza kama nimelala. Nikaandika sifuri.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, akaniambia kwamba mwongozo hauna kipengele cha mwalimu kugeuza mkono. Nikarudi shuleni. Orodha ilikuwa imeshabandikwa, na Nafula alikuwa na thelathini na nane.

Mnaosoma haya mtadhani kukiri kosa ni kazi ngumu. Kukiri ni rahisi. Kazi ni kumpata wa kukuamini. Nililiambia darasa, wakatazamana, wakadhani ni mtego. Nilimwambia naibu, akaniambia ni vizuri mwalimu kuwapenda wanafunzi wake, lakini wajibu wao ni kusoma. Ijumaa Mama Nafula akaja na mtoto kumwondoa, akiwa na mfuko wa vitabu vya shule vya kurudisha, na nikawafuata hadi ofisini kwa mwalimu mkuu bila kuitwa.

Nilisema yote, tangu fomu hadi kidole cha pete. Mama Nafula alikuwa wa kwanza kunikatalia. "Mwalimu, asante. Lakini wewe umesomea hii kitu. Utakosea aje? Usimfunikie."

Mwalimu mkuu naye akaweka miwani mezani. "Madam, sasa unataka niwaambie wazazi kwamba mwalimu wangu wa hesabu hajui kushoto na kulia?"

Nikamwambia ndiyo, awaambie hivyo hivyo. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na zote zilikuwa juu yangu mwenyewe, ila ofisini mle hapakuwa na mahali pengine pa kuzimwaga. Nikasimama katikati, nikawatazama macho kwa macho, nikainua mkono wa kushoto. Nikamwambia mama, "Tafadhali, fanya ninavyofanya."

Mama Nafula akaweka mfuko chini, akainua wa kulia. Mwalimu mkuu sikuwa nimemwambia kitu, lakini nyuma ya meza yake na yeye alikuwa ameinua, kalamu ameiweka kando kabisa. Wa kulia. Akautazama wangu, akautazama wake, akautazama wa mama. Kisha akaushusha polepole, akaniuliza ni swali la alama ngapi.

Jumatatu nilifundisha mkono upya, mgongo kwao, na pembetatu kabla ya mkono. Jumanne, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, naibu akawapa darasa lote swali jingine la aina hiyo badala ya lile la saba, yeye mwenyewe akisimamia, mimi nikiwa nimefungiwa chumba cha walimu. Orodha ikabandikwa upya. Watoto saba walivuka arobaini. Nafula alikuwa na arobaini na mbili, akaingia kidato cha nne, na mama yake akaniletea fungu la sukuma wiki ambalo sikustahili na ambalo hakukubali nilikatae.

Nilimfundisha mwaka mzima wa kidato cha nne. Ule mstari wa rula sikumuuliza. Nilijiambia mtoto aliyekata jibu sahihi amekosa kujiamini, na nikageuza hilo kuwa mahubiri. Jiamini, Nafula. Simama na kazi yako, Nafula. Alikuwa akiitikia, "Ndiyo, Madam," akiangalia chini. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka alikuwa amepata alama za kumpeleka chuo cha uuguzi, nami nikajipongeza kwa mahubiri yangu.

Mwaka huu, wiki chache kabla sijastaafu, alikuja kuchukua cheti chake cha kidato cha nne. Nilikuwa zamu kwenye daftari la vyeti. Alikuwa mtu mzima sasa, ananitazama usoni, tukacheka mambo ya mkono. Nikaona hakuna ubaya, nikamuuliza. Nikamwambia niliiona karatasi yake siku ile, jibu lilikuwa sahihi, na lilikatwa kwa rula. Je, alishikwa na shaka?

"Hapana, Madam, nilijua ni mbili," akasema, bila kinyongo chochote, akitia sahihi kwenye daftari. "Lakini nilifikiria ni wewe utasahihisha."

Akachukua cheti, akaniaga vizuri, akaenda. Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa mtaa huu kwamba jibu halibadiliki kwa sababu ya anayelisahihisha, kwamba mbili ni mbili hata kama hakuna anayekupenda. Huyu alilielewa hilo kabla sijafika darasani kwake, na kwa dakika tatu za Alhamisi nilimfundisha somo jingine, akalishika kwa ukamilifu.